Kukwepa Sevisi Bila Kuua Injini

Hatua ya kwanza: kubali kwamba hupendi sevisi

Kubali tu, tuko wawili hapa. Rimu mpya jirani anaziona. Spika kubwa zinasikika mpaka mtaa wa pili. Filta ya oili imejificha chini ya injini, imeloa grisi na vumbi, na hakuna mtu atakayekusimamisha barabarani akusifie kwa kuibadilisha. Binadamu hulipia kinachoonekana, na wewe ni binadamu.

Basi sitakuhubiria. Nitakufundisha kukwepa. Unataka gari lifike kilomita laki tatu, unataka utumie fedha kidogo, na unataka fundi akuone mtu anayejua mambo. Yote matatu yanapatikana. Sharti ni moja: ujue kile unachokikwepa kinafanya kazi gani. Anayekwepa kwa kubahatisha huishia kubebwa na breakdown, halafu hununua injini ya mkononi kwa bei ambayo ingemtosha kwa oili ya miaka mingi.

Nitatumia injini ambayo wengi wetu tunayo: 1NZ-FE ya Toyota, cc 1,500, ile ya Vitz, IST, Probox na Corolla nyingi zilizoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta, na lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Zishike namba hizi mbili, tutazirudia. Kama gari lako ni jingine, namba zako zitakuwa nyingine na ujanja utabaki uleule.

Hatua ya pili: pokea kadi ya fundi, halafu fanya hesabu yako

Umemaliza sevisi. Fundi anachukua kadi, anaandika kilomita za leo, anajumlisha 3,000, anaining'iniza chini ya boneti. Usibishane naye. Mwambie "asante fundi," mlipe, nenda zako. Hesabu ya kweli utaifanya nyumbani.

Hiyo 3,000 ina asili yake. Volkswagen Beetle ya babu zetu haikuwa na filta ya karatasi kabisa. Ilikuwa na kijichujio cha waya na lita mbili na nusu za oili, basi. Oili za wakati huo nazo zilichakaa haraka. Kwa gari lile, kumwaga mapema ilikuwa lazima. Gari lako si lile, na oili yako si ile.

Sasa sikiliza Toyota wenyewe wanavyowaambia Wajapani, yaani watu waliolitumia gari lako kabla halijapanda meli. Injini ya petroli isiyo na tabo: kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Matumizi magumu: kilomita 7,500 au miezi sita. Yenye tabo: 5,000 au miezi sita. Katika yote, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa.

Mjanja wa haraka akisikia 15,000 hushangilia na kufunga boneti. Wewe tulia kidogo. Uliza matumizi magumu ni yapi. Ni barabara mbovu na za vumbi. Ni safari fupifupi za chini ya kilomita nane, zile ambazo injini haipati hata nafasi ya kupata moto sawasawa. Ni mwendo wa pole na kusimamasimama. Ni milima mingi. Kwa maneno mengine, ni Mbagala hadi Posta saa moja asubuhi. Ni njia ya udongo ya Chanika. Ni kumpeleka mtoto shule na kurudi. Wajapani wameandika maisha yako bila kukuona, na wamekupa 7,500.

Hapo unaingia ujanja wangu ninaoupenda kuliko yote: hesabu saa, usihesabu kilomita peke yake. Oili huchakaa injini inapozunguka, hata kama tairi zimesimama. Mtu anayetembea kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa kwenye foleni, akifikisha kilomita 5,000 injini yake imefanya kazi saa 250. Mwenzake anayekimbia Dar–Dodoma kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, akifikisha kilomita zilezile injini imefanya kazi saa 71 tu. Dashibodi zao zinasoma sawa. Oili zao hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo jipe ruhusa hivi. Unaishi kwenye foleni na unatumia oili ya kawaida: 5,000. Foleni na oili ya sintetiki ya kweli: 7,500. Barabara kuu muda mwingi na sintetiki ya kweli: unaweza kunyoosha hadi 10,000 na kulala usingizi. Ukilinganisha na ile 3,000 ya kadi, umeokoa sevisi nyingi bila kumdhulumu mtu.

Kuna watu wawili ambao siwaruhusu ujanja huu. Wa kwanza ni aliyenunua gari la mkononi juzi na hajui historia yake. Huyo afuate 3,000 kwa sevisi mbili za mwanzo, maana oili mpya itaanza kung'oa tope jeusi lililoganda ndani, na tope hilo linatakiwa litoke, lisizunguke. Wa pili ni mwenye gari la Jumapili. Kilomita zake hazisogei, hivyo anajiona ameshinda. Lakini injini inayowashwa dakika kumi na kuzimwa hukusanya maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, na maji hayo hayapati joto la kuyakausha. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ukikuta povu zito la rangi ya maziwa chini yake, ndiyo hayo. Ukilikuta limejaa pia kwenye kijiti cha kupimia, au maji ya rejeta yanapungua, mwone fundi siku hiyohiyo, huenda gasketi imeachia. Kama ni la kwenye kifuniko tu, badilisha oili kila miezi sita na mara mojamoja litoe gari litembee nusu saa bila kusimama.

Hatua ya tatu: nunua oili kwa herufi, usinunue kwa rangi ya kopo

Kopo la dhahabu lina bei ya dhahabu. Muuzaji atakuonyesha picha ya gari la mashindano. Geuza kopo, tafuta herufi za API. Oili ya petroli huanza na S, na herufi inayofuata inasogea mbele kadiri kiwango kinavyopanda: SL, SM, SN, SP. SN ilianza 2010, SP ilianza 2020. Kwa IST ya 2005, kopo la SL, SM au SN linatosha kabisa, huna haja ya kulipia SP ili umridhishe rafiki yako. Ila ukikuta SF, liache hapohapo dukani hata kama bei inachekesha. Hiyo ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma.

Uzito wa oili usome kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha injini. 1NZ-FE inapenda 5W-30, na 10W-30 inakubalika. Utaambiwa 20W-50 "ndiyo ya nchi za joto." Joto la Dar ndani ya injini halibadilishi mengi, kwa sababu injini ikishapata moto, oili inakuwa karibu nyuzi 100 iwe uko Dar au Osaka. Injini hii ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i hufanya kazi kwa oili inayopita kwenye njia nyembamba na kijichujio kidogo sana. Cheni ya taimingi nayo inakazwa na presha ya oili. Ukiijaza oili nzito, vitu hivyo vinasubiri kila asubuhi. Kama injini imezeeka na inakula oili, panda mpaka 10W-40 na uishie hapo.

Ukienda kununua gari, geuza ujanja huu uwe ulinzi. Chomoa kijiti. Oili ni nzito, mpya, inang'aa, na injini imetulia kimya, lakini filta chini ni ya kale, imeshika kutu? Mwenye gari ameficha kelele kwa oili nzito. Punguza bei au ondoka.

Hatua ya nne: filta, hapa usikimbie

Mahali pa kukwepea ni pengi, hapa ni pa kusimama. Filta ni kopo la chuma lenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani. Oili chafu inaingia kupitia matundu madogo ya pembeni, inapenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, inatoka kwa tundu kubwa la katikati ikiwa safi. Ndani kuna valvu mbili, na valvu hizo ndizo unazozilipia.

Ya kwanza ni raba inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Ikiwa mbovu, filta inajikausha usiku, na asubuhi ukiwasha utasikia injini ikigonga kwa sekunde chache kabla haijanyamaza. Sekunde hizo chuma kinasugua chuma. Ya pili ni valvu ya dharura: karatasi ikiziba, inafunguka ili injini ipate oili hata kama ni chafu, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko ukavu. Kwenye filta feki, ya kwanza huwa raba ngumu isiyokaa sawa au haipo kabisa, na ya pili huwa na springi legevu inayofunguka muda wote. Maana yake oili inazunguka bila kuchujwa na wewe unadhani umeweka filta mpya.

Kwa hiyo dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Namba ya Toyota kwa filta hizi za kopo huanza na 90915, itafute kwenye boksi na kwenye kopo lenyewe, zilingane. Chungulia matundu madogo: lazima uone raba, nyeusi au ya rangi ya chungwa, imelala bapa. Ibonyeze kwa kijiti laini, irudi. Pitisha kidole kwenye thredi, isikukwaruze wala isiwe na unga wa chuma. Muuzaji mkweli hatakasirika. Akikasirika, amekujibu.

Si lazima ununue ya boksi la Toyota. Kampuni kadhaa za Japani na kwingineko hutengeneza filta nzuri kwa bei nafuu. Lakini thredi usiichezee. Toyota nyingi ndogo hutumia robo tatu ya inchi. Honda na Nissan nyingi hutumia milimita 20. Tofauti haifiki hata milimita moja, na filta ya milimita 20 inaweza kuingia kwenye Toyota ikaonekana imekaa. Imeshika kwa ncha za meno tu. Presha ikipanda inaruka, na oili yote iko barabarani ndani ya dakika. Muuzaji akikuambia "hii inaingia, bosi," muulize inaingia kwa thredi gani.

Sasa ukwepaji wenyewe. Je, lazima filta ibadilishwe kila unapobadilisha oili? Honda kwa miaka mingi waliandika kwenye vitabu vyao vya gari kwamba filta ni kila mara ya pili. Rudi kwenye namba zetu: 3.7 kutoa 3.4 ni 0.3. Ukiiacha filta ya zamani, unabakiza mililita 300 za oili chafu, karibu asilimia 8 ya oili yote. Na karatasi ya filta haiharibiki kwa kushika uchafu kidogo. Ni kama kifumbu cha nazi, machicha yakishatanda kinachuja laini zaidi, mpaka pale yanapojaa na tui likakataa kupita. Filta ya kawaida hushika vizuri chembe za maikroni 20 hadi 40, wakati unywele wako una unene wa maikroni kama 70.

Kwa hiyo mwenye injini safi, anayebadilisha oili kila 5,000, na aliyeweka filta ya kweli, anaweza kuiacha ifike 10,000. Nakupa baraka zangu. Mwenye tope, mwenye gari la historia isiyojulikana, mwenye dizeli inayotoa masizi, na anayenyoosha oili hadi 7,500 au zaidi: filta mpya kila mara, bila majadiliano. Huwezi kunyoosha kote kuwili.

Nikwambie na siri ya wenye malori: vumbi linaloua injini huingia kwa filta ya hewa. Mchanga laini ukipita pale, unasaga ringi na silinda kabla filta ya oili haijajua kinachoendelea. Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu na unaishi kwenye barabara ya udongo, nunua filta ya hewa.

Hatua ya tano: kuonekana mtaalamu gereji

Hapa tunaitumia fahari yako kwa faida yako. Usikae kwenye benchi na simu. Simama karibu na useme mambo machache tu, kwa sauti ya kawaida.

"Fundi, tumwage ikiwa ya moto." Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ya baridi huuacha chini.

"Raba ya filta ya zamani imetoka nayo?" Hii peke yake itakupandisha cheo. Mara nyingine raba ya zamani hubaki imegandia kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake zinakuwa raba mbili, na zitaachia njiani.

"Paka raba mpya oili kidogo, kaza kwa mkono." Raba ikishagusa, robo tatu ya mzunguko inatosha. Fundi anayekaza kwa mnyororo anakuachia kazi ya kuitoboa kwa bisibisi siku ya kuitoa. Bolti ya kutolea oili pia iwekwe washa mpya. Washa ni bei ya soda, na bolti iliyokazwa kwa hasira huharibu thredi za sampu.

Akipendekeza aoshe injini kwa dizeli, mkatalie kwa upole. Dizeli hubaki kwenye kona, inaifanya oili mpya kuwa nyepesi, na tope linalong'oka ghafla huenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Mwisho, omba filta ya zamani. Ikate kwa msumeno wa chuma, nyoosha karatasi juani. Nyeusi tu ni kawaida. Vipande vinavyometameta ni beringi zinakuaga. Ukifanya hivyo mara moja mbele ya mafundi, hakuna atakayejaribu kukuwekea filta iliyooshwa kwa petroli. Watu wa gereji humheshimu mtu aliyewahi kufungua kitu.

Hatua ya sita: kijiti

Ukwepe yote, hiki usikikwepe. Kila wiki, gari likiwa pahali tambarare, injini imezimwa dakika tano, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Kati ya alama mbili kwenye magari mengi kuna kama lita moja. Ukikuta oili iko chini ya alama ya chini, ongeza polepole. Usizidishe juu ya alama ya juu pia, kwa sababu krenki itaipiga povu, na povu halilainishi kitu. Oili kuwa nyeusi isikutishe. Sabuni iliyomo ndani yake inafanya kazi, na kwenye dizeli inakuwa nyeusi siku ileile.

Taa nyekundu ya oili inazungumzia presha, haizungumzii kiasi. Ikiwaka unapotembea, huna dakika tano za kufika kwa fundi. Zima hapohapo.

Usikubali pia ule ujanja wa kuongeza oili milele bila kumwaga. Injini inayokula oili inaongezwa, ndiyo, lakini asidi na masizi yanabaki palepale yakijazana, na dawa zilizomo kwenye oili ya zamani zimekwisha.

Hatua ya saba: kopo tupu na oili chafu

Ondoka na kopo lako. Likibaki zima gerejini, linaweza kujazwa oili iliyochujwa kwa kitambaa, likafungwa kifuniko, likarudi dukani likamsubiri mtu kama wewe. Toboa kopo kwa msumari, chana lebo. Ni kazi ya sekunde kumi.

Oili chafu nayo isiende mtaroni. Mtaro wa Dar unaishia baharini, na wa kijijini unaishia kisimani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema oili ya kubadilisha gari moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Ikusanye kwenye dumu, ipeleke kwenye gereji inayouzia wakusanyaji. Muulize fundi wako leo oili zake chafu zinakwenda wapi, na kama jibu lake ni mtaro, peleka gari lako kwa fundi mwingine.